Taa Tatu za Mwalimu Ajwang

Kakuma One
3 Februari 2025

Mwalimu Ajwang,

Ejok, kama mnavyosalimiana huko mjini. Sisi tuko wazima, joto tu ndilo halituachi.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu ya sheria yako ya mafunzoni: picha haijadiliwi kwenye simu, inajadiliwa ikiwa mkononi, na nyuma yake mchoro wa mahali mwanga uliposimama. Kiprop, dereva wa Probox, atakuletea bahasha hii na picha moja ndani. Nyuma nimechora kama ulivyotufundisha: mlango, mtu, mimi. Mwanga ni wa mlango. Sina mwingine.

Nina swali, na swali lenyewe lina tarehe. Ule mradi wa vijana umekubali kuninunulia taa zangu za kwanza. Ni mara moja tu. Naandika orodha, wanaipokea mwisho tarehe 28 mwezi huu, na baada ya hapo hakuna kubadilisha. Ningekuja Lodwar nizishike taa kabla ya kuchagua, lakini ruhusa ya kutoka kambini huchukua wiki tatu au nne, na mara nyingine haiji kabisa. Kwa hiyo macho yangu ni wewe.

Umeme wetu ni wa jenereta ya mfanyabiashara mmoja, saa saba mchana hadi saa nne usiku, na tunaugawana maduka kumi na moja. Chumba ni cha mabati, hatua nne kwa tano. Nitakaowapiga ni wazee.

Wazee ni kwa sababu ya Mike. Bila shaka amekuandikia na wewe kuhusu maonyesho ya picha anayoyaandaa Lodwar mwezi wa saba. Kila mpiga picha anapeleka nyuso tatu kabla ya tarehe 25 Aprili, na mmoja atakayechaguliwa atapewa kazi ya kupiga wazee ishirini na wanne, wa mji na wa kambi. Mike alipita hapa Jumamosi akaiona picha hii ya Mama Arek, jirani yetu. Akasema, "Nyanut, huu ndio uso bora niliouona Turkana nzima." Nikamwambia, "Hujaona za mwalimu wangu." Akasema ameshaziona. Nikacheka, nikadhani ananitania.

Nichague taa gani?

Mwanafunzi wako,
Nyanut Wal


Lodwar
7 Februari 2025

Nyanut,

Bahasha imefika. Kona moja ya picha imekunjwa. Mwambie Kiprop picha haikaliwi. Picha ni nzuri. Kivuli cha shavu la kulia ni kizito kidogo. Mchoro ni sahihi.

Sasa taa. Andika hivi kwenye orodha: flashi tatu za umeme, wati mia tatu kila moja, sahani tatu za kung'aa za kufunga mbele ya taa, stendi tatu. Usipoteze nafasi kwa miavuli na vitambaa. Hayo ni mapambo. Sababu ni moja: uso mweusi unakunywa mwanga. Anayepiga watu wetu kwa taa moja hupata koti na meno.

Utazipanga hivi. Ya kwanza kushoto kwako, ya pili kulia, zote mbele ya mtu, kimo cha macho yake, nguvu sawa. Ya tatu imulike ukuta nyuma yake. Hapo hapatabaki kivuli cha kukusumbua.

Mimi mwenyewe natumia tatu.

Mike ni mtu wa maneno mengi. Usiyaweke yote moyoni.

S. Ajwang


Lodwar
8 Februari 2025

Chepchumba,

Tangu serikali ikuhamishie Lokori uwe daktari wa mbuzi, sina mtu wa kumwambia jambo la aibu, na simu yako hupatikana tu ukipanda kilima. Kwa hiyo soma.

Jana nimemwandikia yule msichana wa Kakuma, Nyanut, ushauri wa taa za kwanza. Ni yule niliyemfundisha wiki sita mwaka juzi. Orodha yake inafungwa tarehe 28, na umeme wake ni wa jenereta wanayogawana maduka kumi na moja. Kila kitu nilichomtajia kipo dukani kwa Kariuki. Kila sentensi naweza kuitetea mbele ya mtu asiyejua. Na ushauri wote ni mbaya.

Unajua ninavyofanya kazi. Umekaa kwenye kile kiti changu. Taa moja. Mwavuli mweupe mpana, kushoto, juu kidogo. Upande wa pili ubao mweupe wa dari, kurudisha mwanga shavuni. Miaka kumi na miwili, taa moja. Uso mweusi haunywi mwanga, unaurudisha kama maji, na kazi yako ni kuupa kitu kikubwa na laini cha kurudisha. Sahani ya kung'aa inaupa madoa. Taa mbili za nguvu sawa zinaufanya kuwa sahani pia. Najua haya kama wewe unavyojua kupe.

Alinitumia picha. Mwanamke amesimama mlangoni. Aliipiga bila taa yoyote, kwa kamera ya kuazima. Iko mezani tangu Alhamisi, nami nimekuwa nikitafuta kosa. Nimepata kona iliyokunjwa, na hiyo ni ya dereva.

Mike amefika studio kwangu mara tisa na chai yangu anaijua. Kwa picha ya msichana alisema "uso bora Turkana nzima". Kwangu aliwahi kusema "safi". Safi, Chepchumba. Kama sakafu.

Kila bibi harusi wa mji huu nimempiga mimi. Kila mtu wa kaunti aliyepandishwa cheo alikuja kwangu kunyoosha tai. Nyuso zile ishirini na nne nilishaziona ukutani, na jina langu chini yake, kabla Mike hajamaliza kueleza. Niliketi nikiwa na nia ya kuandika "taa moja na mwavuli". Kalamu ikaandika tatu.

Nijibu, lakini usinihubirie.

Ajwang


Lokori
17 Februari 2025

Ajwang wangu,

Barua yako ilikuja na lori la chumvi. Imekauka vizuri, inaweza kuliwa.

Sitahubiri. Ila kalamu haiandiki yenyewe. Nimejaza fomu za serikali miaka kumi na mitano. Kama kalamu zingekuwa zinaandika zenyewe, leo ningekuwa mkurugenzi na wewe ungeninyooshea tai.

Kuna beberu hapa, mzee, mkubwa, maarufu. Beberu mdogo alipoanza kuota pembe, mzee hakumpiga hata mara moja. Alikwenda tu akasimama kwenye birika la maji. Akasimama pale asubuhi na jioni, anatazama kando kama hana habari. Mdogo akakonda. Mwenye mbuzi akaniletea, "Daktari, huu ni ugonjwa gani?" Nikamwonyesha ugonjwa ulipokuwa umesimama.

Zimebaki siku kumi na moja. Barua ikipotea njiani lawama iwe yangu, lakini hii ukiipata, mwandikie mistari miwili: nilikosea, nunua taa moja na mwavuli. Sababu si lazima useme. Ukishindwa, utakuwa umeshindwa na picha. Ukishinda hivi ulivyopanga, utakuwa umeishinda jenereta ya watu wa kambini, na sidhani wanatoa zawadi kwa hilo.

Na kuhusu kila mtu wa kaunti kupita mikononi mwako: kitambulisho changu cha kazi ulikipiga wewe. Nimefumba jicho moja. Huku wananiita Nusu Usingizi.

Chepchumba


Lodwar
1 Machi 2025

Nyanut,

Nimelitafakari tena suala la taa. Kama orodha haijapokelewa, unaweza kuongeza mwavuli mweupe. Si lazima.

Barua hii imechelewa kwa sababu Kiprop hakusafiri wiki iliyopita.

S. Ajwang


Kakuma One
13 Machi 2025

Mwalimu Ajwang,

Barua yako ya tarehe mosi niliipata tarehe tatu. Orodha ilikuwa imeshapokelewa, lakini asante kwa kunifikiria. Kiprop anasema wiki ile alisafiri kila siku. Kiprop naye humsahau hata mkewe.

Taa zimefika Jumatatu. Tatu, mpya, kwenye masanduku. Mama Arek alikuja kuziombea kabla sijazifungua.

Nakueleza yaliyotokea kwa utaratibu, ili uone nilipokosea.

Jumanne saa nane nilimkalisha babu yangu Gatwech. Nilichagua kuanza naye kwa sababu ni mzee wa kanisa. Akikaa yeye, wengine hukaa. Nikapanga kama ulivyoandika, kushoto, kulia, ukutani. Nikapiga ya kwanza. Taa zilipoanza kujijaza zote pamoja, jenereta ikakohoa, ikazima. Maduka kumi na moja gizani. Kinyozi wa Kihabeshi alikuwa katikati ya kidevu cha mtu. Mteja akaja hadi mlangoni kwangu na kitambaa shingoni, nusu ndevu, nusu hana: "Ni nyinyi mnaopiga radi humu?" Babu akamjibu, "Kaa hapa, na wewe upigwe ukiwa bado wawili." Tulicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku hiyo.

Nilipata picha nne kabla mwenye jenereta hajanikataza. Nimezichapisha. Nakutumia iliyo afadhali, na mchoro nyuma.

Lazima nikueleze kitu kuhusu uso wa babu. Sisi Wanuer, mvulana akifika umri huchanjwa paji la uso, mistari sita, toka sikio hadi sikio. Inaitwa gaar. Kabla ya siku hiyo ni mtoto, hata awe na mabega kama mlango, na hukamua ng'ombe pamoja na wanawake. Baada ya siku hiyo hakamui tena hadi kufa.

Angalia picha. Mistari haipo. Mashavu yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na paji ni tupu. Babu aliishika karibu, akaishika mbali. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni wewe, babu. Akasema, "Mimi nina mistari. Huyu umemrudisha kukamua ng'ombe." Akaiweka kifudifudi kwenye kiti, akavaa kofia, akatoka.

Wazee wengine wamesikia. Hakuna anayetaka kukaa. Mmoja ameniuliza kama mashine yangu inafuta na makovu ya risasi.

Bila shaka nimekosea kupanga. Nimebakiwa na wiki sita, sina uso wa kumpa Mike zaidi ya ule wa Mama Arek, na taa siwezi kuzirudisha. Niambie kosa langu liko wapi.

Mwanafunzi wako,
Nyanut


Lodwar
18 Machi 2025

Nyanut,

Jaribu kusogeza taa karibu zaidi na mtu. Suala la jenereta lizungumze na mwenyewe. Babu yako aombwe tena. Wazee hupenda kuombwa mara mbili. Sijawahi kumpiga mtu mwenye chanjo hizo, kwa hiyo siwezi kuongeza mengi.

Nakutumia nakala za picha zangu tatu, zile nitakazompa Mike, uone kiwango kinachotakiwa. Ya juu kabisa ni Nakiru, anayeanika samaki kule Longech. Jaribu kuhesabu shanga za shingoni mwake, zinahesabika zote. Nyuma sikuchora kwa sababu mimi si mwanafunzi.

S. Ajwang


Kakuma One
26 Machi 2025

Mwalimu Ajwang,

Picha zako tatu zimefika bila kukunjwa.

Nilizitazama siku mbili. Shanga nilizihesabu, zinahesabika. Nilitaka kujua kwa nini mashavu ya Nakiru hayang'ai kama ya babu na ngozi zao ni moja. Nikaenda kwa Serge, Mkongo anayetengeneza saa hapo mkabala na kinyozi, kumwazima ile lenzi anayoibana jichoni. Serge ndiye aliyetazama kwanza. Akasema, "Dada, uyu mama iko na mwavuli ndani ya macho. Kule Lodwar mvua iko nanyesha?"

Nikatazama mimi.

Nyuso ni tatu, macho ni sita. Katika kila jicho kuna mwanga mmoja mweupe, juu upande wa kushoto, wa duara, wenye mbavu kama za mwavuli. Chini upande wa kulia kuna mstatili hafifu. Mstatili nadhani ni ubao. Nikachukua picha ya babu. Kwenye macho yake kuna nukta mbili kali, moja kila upande, kama misumari.

Nimemuuliza Kiprop mara ya pili. Wiki ile ya mwisho wa Februari alikwenda na kurudi mara tano. Alipita mbele ya studio yako kila asubuhi, akapiga honi, na ukampungia mkono.

Uliandika kwamba wewe mwenyewe unatumia tatu. Nauliza kama ulivyotufundisha kuuliza, jambo moja kwa swali moja.

Taa ya pili na ya tatu huwa zinasimama wapi?

Nyanut Wal


Lodwar
29 Machi 2025

Chepchumba,

Amehesabu macho. Nilimtumia picha zangu mwenyewe, kwa kiburi, ili aone kiwango, na ameniona mimi ndani yake. Kila mpiga picha anajua taa huacha alama jichoni. Mimi ndiye niliyemfundisha, siku ya tatu ya mafunzo, baada ya chakula cha mchana. Nikasahau kwamba alikuwa anasikiliza.

Naweza kusema ile taa ya pili ilikuwa imeharibika siku hiyo. Naweza kusema mengi.

Ajwang


Lokori
4 Aprili 2025

Ajwang,

Dereva wa lori ananisubiri, anapiga honi.

Amekuuliza swali moja. Jibu hilo hilo.

Chepchumba


Lodwar
9 Aprili 2025

Nyanut,

Taa ya pili na ya tatu hazipo. Hazijawahi kuwapo.

Natumia taa moja, mwavuli mweupe na ubao wa dari, kama ulivyoona. Nilikuandikia tatu nikijua. Ulipotaja jenereta na maduka kumi na moja nilijua itazima. Maneno kwamba uso mweusi unakunywa mwanga ni uongo wa zamani, niliwahi kumfukuza mtu studioni kwa kuyasema. Barua ya tarehe mosi Machi niliiandika tarehe 20 Februari, mara tu nilipoonywa na rafiki. Ilikaa chini ya kamera siku tisa. Niliipa tarehe mpya na kisingizio cha Kiprop orodha yako ilipokuwa imekwisha kupokelewa. Kiprop hana kosa. Na wewe hukukosea kupanga; ulipanga sawasawa kama nilivyokuandikia, ndiyo maana babu yako alipotea.

Sababu ni wivu. Miaka niliyofanya kazi gazetini, kabla ya studio, ilinifundisha kutafuta neno sahihi, na nimetafuta, nimerudi kwenye hilo. Uliposema Mike ameshaziona za kwangu, uliandika kwamba ulicheka. Mimi niliusoma mstari huo mara nyingi kuliko mingine yote.

Kwenye bunda hili kuna mwavuli. Ndio ule wa jichoni mwa Nakiru. Funga taa yako moja, ziache mbili kwenye masanduku. Moja peke yake jenereta itaibeba. Kushoto, juu kidogo, mita moja na nusu kutoka kwa mtu. Mistari ya babu yako itatoka.

Sijiondoi. Picha zangu tatu zinakwenda kwa Mike kama nilivyosema. Nazitaka nyuso zile ishirini na nne. Nikikuandikia kwamba nakuombea ushinde, utakuwa uongo mwingine, na hesabu imeshakuwa kubwa.

Ajwang


Kakuma One
22 Aprili 2025

Mwalimu Ajwang,

Bado naandika "Mwalimu" kwa sababu sijapata jina lingine la kuweka hapo.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka ndani ya sanduku la taa ya tatu. Inakaa vizuri humo.

Mwavuli nakurudishia. Nimeufuta vumbi. Nilifanya ulivyoandika: kushoto, juu kidogo, mita moja na nusu. Safari hii nilijua hunidanganyi, kwa sababu haukufaa na wewe hukujua kwamba hautafaa. Nilimkalisha Serge kwanza, nikamchora mistari sita kwa uzi na gundi. Akasema, "Kama mama yangu akiona hii, ananikana." Mistari ilionekana pembeni, karibu na sikio. Katikati ya paji ikafa.

Nilikaa na hilo siku nzima. Kisha nikaelewa. Mistari ya gaar imelala. Mwanga unaotoka upande unapita ndani yake kama maji ndani ya mfereji, hauachi kivuli. Lazima mwanga uikate. Uliwahi kusema hujampiga mtu mwenye chanjo hizi. Katika barua zako zote hilo lilikuwa kweli.

Jinsi nilivyoikata sitaandika.

Kumrudisha babu kulikuwa kazi kuliko taa. Hakutaka kuombwa mara mbili, wala mara tano. Ijumaa Kuu nilikwenda nikapiga magoti mbele ya wazee wenzake nikasema nilimfanya mtoto kwa kutojua kazi. Sikutaja jina lako. Si kwa ajili yako. Yeye angesema mwanafunzi anayeamini kila kitu naye ana kosa lake, na nilikuwa nimechoka kusikia kweli. Akasema atakuja baada ya ibada ya Pasaka, kwa kuwa koti litakuwa mwilini tayari.

Akaja, akaketi. Nilipiga picha sita. Jenereta haikukohoa.

Jana nilimpelekea iliyochapishwa. Hakuutazama uso wake. Aliweka kidole kwenye paji, kwenye karatasi, akahesabu toka juu, moja kwa moja, hadi sita. Akarudia. Akasema, "Khalas, yamekwisha. Huyu hakamui ng'ombe." Leo asubuhi nimekuta wazee wanne mlangoni, wamevaa makoti, na ilikuwa bado saa moja na umeme hauji hadi saa saba. Nimewapa chai. Wamekataa kuondoka.

Picha tatu zimekwenda kwa Mike: babu, Mama Arek, na Serge bila uzi. Nakala ya babu iko ndani ya bahasha hii. Nyuma yake sikuchora kitu. Ukitaka kujua taa ilikaa wapi, unajua pa kutazama.

Nyanut Wal


Lodwar
10 Mei 2025

Nyanut,

Mike alinipigia simu Jumatano. Alisema picha zangu ni safi. Hapo nikajua kazi umepewa wewe, na alipoendelea kueleza nilikuwa nimeshaanza kufungua madirisha.

Hongera. Neno hilo limenichukua siku tatu. Sehemu yake bado haijatoka, nami sitaisukuma.

Nilinunua lenzi ya fundi saa. Nimekaa na babu yako tangu asubuhi. Kwenye jicho la kulia kuna mwanga mmoja tu, juu kabisa, umegusa ukope. Si mwavuli. Ni mpana kama kitanda, kingo zimenyooka, na una mshono katikati. Nadhani ni turubai jeupe umelitandaza chini ya bati, na taa umeielekeza juu ili mwanga ugonge turubai na kumshukia. Ndiyo maana kila mstari una kivuli chini yake. Sijawahi kufikiria dari. Nina dari nzuri nyeupe hapa, nimeilipia kodi miaka kumi na miwili.

Mahali ambapo mimi huweka ubao kuna kitu cheupe kidogo, kimegawanyika sehemu mbili. Kilinisumbua hadi saa sita. Nadhani ni kitabu kilichofunguliwa mapajani. Kama ilikuwa Pasaka, nadhani ni Biblia, na kurasa zake ndizo zilizomulika kidevu. Sijui kama ulimpa wewe au alikuja nayo, na sijui kama ulipanga au uliona tu ukaacha. Hilo ningependa kulijua kuliko mengine yote.

Katikati kabisa, mdogo kama punje ya mtama, kuna mtu amesimama na kamera.

Nimechora. Mchoro uko nyuma ya karatasi hii. Mahali nisipokuwa na hakika nimeweka alama ya kuuliza, ziko tatu. Mafunzoni nilikuwa nasahihisha michoro yenu kwa kalamu nyekundu. Nimeiweka kalamu hiyo ndani ya bahasha.

Kiprop atasubiri jibu.

Ajwang